Tunda la asubuhi, la mchana au la usiku? Ulinganisho wa saa za kula matunda kwa mkazi wa Dar

Ukiuliza kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo ni saa ngapi inafaa kula tunda, utapata majibu matatu, na kila mmoja atajibu kwa uhakika kabisa. Wa kwanza atasema asubuhi, tumbo likiwa tupu, la sivyo tunda linaozea juu ya ugali. Wa pili atasema nusu saa kabla ya chakula, si dakika moja baada yake. Wa tatu atakuonya kwamba tunda la usiku linageuka kitambi. Madhara ya ushauri huu nayaona kila siku. Mtu mzima mwenye afya yake anapita mbele ya toroli la mapapai saa tisa alasiri, ana njaa na ana hela, lakini hanunui kwa kuwa anaamini saa ya tunda imeshapita. Mita hamsini mbele anaagiza chipsi mayai.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani mafungu matano ya gramu 80. Mihogo, viazi mviringo na viazi vitamu havihesabiwi humo. Ukishafuta mchana, jioni na usiku, gramu hizo hazina tena pa kuingia.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji ajue anasoma nini. Kwa mtu mwenye afya, hakuna saa mbaya ya kula tunda lililo salama. Tofauti kati ya asubuhi na usiku ipo, ila ni ndogo. Tofauti kubwa zinatokana na tunda limeliwa pamoja na nini, limekatwa saa ngapi, na anayelila ana maradhi gani. Basi nitazilinganisha saa kwa vipimo hivyo.

Tumbo tupu au pamoja na mlo

Wazo la kutenganisha vyakula lilisambazwa sana na daktari Mmarekani, William Howard Hay, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliwakataza watu kula wanga, protini na matunda makali katika mlo mmoja, akiamini mwili haumudu kuvisaga kwa pamoja. Baadaye wazo hilo liligeuka kuwa kanuni ya tunda kuliwa peke yake, nalo linazunguka mpaka leo kwenye simu zetu.

Tumbo halifanyi kazi hivyo. Ndani yake mna tindikali kali, yenye pH kati ya 1.5 na 3.5, na bakteria wa kuozesha vitu hawastawi humo. Kipande cha nanasi kilichoingia baada ya wali hakikai juu kikisubiri kuoza. Kinasukwasukwa pamoja na wali, kinalainika, kisha kinashuka kwenye utumbo mdogo ambako kazi inaendelea. Isitoshe, punje moja ya maharage ina wanga na protini ndani yake, na watu wanaila bila shida. Huko Geneva, Uswisi, jaribio lililochapishwa mwaka 2000 liliwalinganisha watu wanene waliotenganisha vyakula na wenzao waliokula mlo mchanganyiko wenye kalori sawa. Waliotenganisha hawakupungua zaidi.

Ukinitaka nichague kati ya tunda peke yake na tunda pamoja na mlo, nachagua mlo, na sababu yangu kubwa ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Visababishi ni vingi, malaria na minyoo vikiwemo, lakini ukosefu wa madini ya chuma uko palepale. Chuma cha kwenye nyama mwili hukipokea kwa urahisi. Cha kwenye maharage, kunde, mchicha na matembele ni kigumu, na sehemu kubwa yake hupita tu. Vitamini C ikikutana nacho tumboni hukiweka katika hali ambayo utumbo unaweza kukifyonza, na kiasi kinachoingia mwilini kinaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Sharti ni kwamba vikutane. Chungwa la saa nne asubuhi haliyasaidii maharage ya saa saba mchana.

Sahani ya mama lishe wa Ilala au Buguruni imekaribia sana kulipata hili. Wali katikati, maharage yamemwagiwa upande mmoja, mchicha upande wa pili, kijiko cha kachumbari, na pembeni kipande chembamba cha tikiti au ndizi mbivu moja. Mpangilio ni mzuri, ila tunda lenyewe ndilo ningelibadilisha. Kwa kila gramu 100, tikiti lina takriban miligramu 8 za vitamini C, na ndizi 9. Embe lina 36 hivi, nanasi 48, chungwa 53, papai 60, na pera linapita 200. Kwa hiyo ukiulizwa "ndizi au papai?" na chakula chako ni maharage, sema papai. Mapera yakiwa sokoni, nunua mawili uende nayo mfukoni. Ni tunda tunalolidharau kwa kuwa linaota uani, na ndilo linalozidi yote kwenye hesabu hii. Kama hakuna tunda, kamulia ndimu kwenye mchicha.

Chai nayo isogezwe mbele kwa saa moja hivi baada ya mlo, iwe ya rangi au ya maziwa, kwa sababu tanini zake hukamata chuma kisifyonzwe. Ukila maharage na papai halafu ukashushia chai palepale, umejipunguzia faida uliyokuwa umeipata.

Papai na embe vina faida nyingine vikiliwa na mlo. Rangi yake ya njano ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, na rangi hiyo hufyonzwa vizuri panapokuwa na mafuta kidogo. Mafuta yaliyokaangia mboga yanatosha.

Tunda kabla ya mlo linashinda katika mambo mawili. Anayetaka kupunguza uzito akila tunda zima kabla ya sahani atakuwa ameshiba kiasi. Watafiti wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 2009 waliona watu waliokula tufaha zima kabla ya chakula cha mchana wakila pungufu kuliko ambao hawakula kitu, na juisi ya tufaha haikushibisha kama tunda lenyewe. Jambo la pili ni gesi. Wapo ambao matumbo yao hayamudu sukari ya embe au tikiti ikiwa nyingi, na wakirundika juu ya pilau wanavimbiwa. Hao watenganishe, saa moja au mbili. Ni suala la raha ya tumbo la mtu, wala si sheria ya watu wote.

Asubuhi

Asubuhi inasifiwa kupita kiasi, ila ina ubora mmoja ambao siupingi: inatekelezeka. Tunda lililoliwa kabla hujafunga mlango halisubiri foleni ya Ubungo iishe wala kikao kimalizike. Ukiwa mtu wa kusahau, basi weka tunda lako asubuhi, na sababu hiyo peke yake inatosha.

Tatizo ni lile tunda linaloliwa peke yake likaitwa kifungua kinywa. Vipande vitatu vya papai havimfikishi mtu saa saba mchana. Saa nne atakuwa anatafuta sambusa. Papai na yai la kuchemsha, au ndizi na karanga mkononi, vinakaa zaidi. Vilevile, kuongeza ndizi juu ya chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi manne ni kuongeza wanga juu ya wanga. Ondoa maandazi mawili kwanza.

Kwa wanaokimbia alfajiri Coco Beach, ndizi moja mbivu nusu saa kabla inafaa kuliko tunda lolote ninalolijua. Ina gramu 27 hivi za wanga, haina mafuta ya kulemea tumbo, na haihitaji kisu.

Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia asianze siku na nanasi, chungwa au embe bichi la chumvi na pilipili. Vidonda vyenyewe husababishwa zaidi na bakteria na dawa za maumivu, si matunda, lakini ukali wa tunda juu ya tumbo tupu unauma. Kwake papai au ndizi ni salama zaidi. Na mswaki upigwe kabla ya tunda kali, au nusu saa na zaidi baada yake, kwa kuwa tindikali hulainisha uso wa jino kwa muda na mswaki hulikwangua.

Mchana na jioni barabarani

Mkazi wa Dar anahangaika na saa za kula matunda, lakini saa inayonipa wasiwasi mimi ni ile ambayo kisu kilipita. Ganda la tunda ni ulinzi wake. Likishakatwa, kilichokuwa kwenye ganda, kwenye kisu na kwenye kiganja kinahamia kwenye nyama tamu yenye maji, na joto letu linafanya mengine. Ushauri wa kawaida wa usalama wa chakula ni kwamba tunda lililokatwa lisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 lisikae zaidi ya saa 1. Dar, kati ya Desemba na Machi, joto la mchana hufika hapo, na ndani ya kabati la kioo lililoegeshwa juani linapita.

Simama kidogo kituoni umtazame mkataji. Tikiti linalazwa juu ya ubao bila kuoshwa, kisu kinapasua kuanzia gandani, vipande vinapangwa kwenye visahani vya plastiki na kuchomekwa vijiti. Baada ya hapo kisu kinafutwa kwa kitambaa kilekile cha tangu asubuhi, na mikono inachovywa kwenye ndoo ileile. Wengi ni vijana wachapakazi wanaojitahidi mahali pasipo na bomba. Simlaumu mtu anayetafuta riziki. Lakini ilipofika Agosti 2015 na kipindupindu kikazuka jijini, tulikumbushwa sote kwamba maji ya ndoo hiyo yanaweza kuua.

Kwa kipimo hiki, saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni haziwi sawa hata kidogo. Kisahani cha asubuhi pengine kimekatwa nusu saa iliyopita. Cha jioni kinaweza kuwa kimetazama jua tangu adhuhuri. Na matunda yenyewe hayalingani: tikiti na papai hayana ukali, hivyo bakteria huzaliana humo haraka, wakati nanasi na chungwa vina tindikali inayowapunguza kasi. Kipande cha nanasi cha saa nane kinanitia shaka kidogo, cha papai cha saa hiyohiyo sikigusi.

Maana yake si kuacha matunda ya jioni. Ukitoka kazini Posta saa kumi na moja, nunua lenye ganda lake. Ndizi, chenza, shokishoki, na stafeli utakalolipasua nyumbani hayana saa. Machungwa yaliyomenywa ganda la juu na kubakizwa ngozi nyeupe ni chaguo zuri, mradi likatwe mbele yako, kwa kisu kilichooshwa. Ukitaka tikiti, mwambie, "Kaka, nikatie lile zima, na kisu ukisuuze." Hakuna aliyewahi kunikatalia; wengi hufurahi kuona mteja anajali. Muuzaji mwenye deli lenye barafu anastahili shilingi mia ya ziada anayotoza.

Nyumbani hali ni hiyohiyo. Papai lililobaki lifunikwe na liende kwenye friji mara moja. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa katikati ya mchana, nusu tikiti iliyokuwa humo usiwape watoto jioni.

Usiku

Kuna ukweli kidogo kwenye onyo la usiku. Mwili wa binadamu hushughulikia sukari vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, kwa hiyo tunda lilelile linaweza kupandisha sukari ya damu juu kidogo likiliwa saa tatu usiku. Kwa mwenye afya, tofauti hiyo haina uzito wa kumnyima mtu tunda. Kipande cha papai cha gramu 150 kina sukari gramu 12 hivi. Chupa ya soda ya mililita 350 ina 35 au zaidi, na huwa inasindikiza chipsi.

Mwanya wa kuchagua usiku uko kwenye aina ya tunda. Tikiti ni maji kwa asilimia 92 hivi, na ukila robo yake saa nne usiku utaamka kwenda chooni, hasa ukiwa mzee au mjamzito. Nanasi, chungwa na maembe makali ukijilaza nayo yanapanda kifuani. Anayesumbuliwa na kiungulia amalize kula chochote saa mbili au tatu kabla ya kulala. Papai, ndizi na pera hutulia.

Namfikiria mtu anayefika Chanika au Mbagala saa tatu usiku baada ya kubadilisha daladala mara mbili. Hajala tunda tangu alfajiri. Huyo akimenya ndizi mbili kabla ugali haujaiva amefanya jambo jema, na anayemkataza kwa sababu ya saa anamkosesha tunda pekee la siku yake.

Juisi siiweki kwenye ushindani huu. Glasi moja ya chungwa hubeba machungwa matatu au manne bila nyuzinyuzi zake, na mara nyingi sukari imeongezwa juu. Saa yoyote, tunda zima linaishinda.

Wenye sababu ya kweli ya kuangalia saa

Mwenye kisukari hakatazwi matunda, ila kwake mpangilio una uzito. Tunda moja kwa wakati, la ukubwa wa ngumi yake ndogo, nusu ikiwa ni ndizi kubwa. Liliwe mwishoni mwa mlo wenye mboga na protini, maana sukari hupanda polepole kuliko likiliwa peke yake. Ndizi isiyoiva sana ni afadhali kuliko iliyojaa madoa meusi. Na asile mafungu yote ya siku kwa mkupuo. La mchana na la jioni yagawanywe, huku akipima sukari yake saa mbili baadaye ajue mwili wake unasemaje. Kanuni zote hizo zinawekwa kando pale sukari ya damu inaposhuka chini ya 4 (mmol/L kwenye kipimo) kwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, hata iwe saa nane usiku, apewe nusu glasi ya juisi palepale. Hapo juisi ndiyo dawa, kwa kuwa inaingia haraka.

Mjamzito mwenye kisukari cha mimba ndiye mtu ambaye ushauri wa "tunda asubuhi" unaweza kumdhuru. Homoni za asubuhi huifanya sukari yake iwe ngumu kudhibiti saa hizo, na ndiyo maana wataalamu wengi wa lishe humwambia aanze siku kwa yai, mboga na wanga kidogo, tunda alisogeze mpaka mchana. Azungumze na kliniki yake.

Kwa anayefunga Ramadhani, baada ya zaidi ya saa 13 bila maji, tende na kipande cha tikiti wakati wa futari vinarudisha sukari na maji kwa upole. Daku ndiyo inayosahaulika: chungwa au papai pamoja na chakula cha daku vinasaidia kiu ya mchana zaidi ya chai nyingi.

Mgonjwa wa figo hahitaji saa, anahitaji orodha kutoka kwa daktari, kwa kuwa ndizi, machungwa na parachichi yana potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu haiwezi kuitoa.

Limebaki balungi, na hili nawaomba wenye shinikizo la damu walisome mara mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Kanada waligundua kwa bahati kwamba balungi huzuia kimeng'enya cha utumboni kinachopunguza nguvu za baadhi ya dawa, hivyo kidonge kimoja kikafanya kazi kama umemeza kadhaa. Dawa za presha za jamii ya nifedipine na baadhi ya dawa za kushusha kolesteroli zimo. Watu hudhani wakila balungi asubuhi na kidonge usiku wamekwepa. Hawajakwepa, kwa sababu athari yake inaweza kudumu zaidi ya saa 24. Ukiwa kwenye dawa hizo, chukua boksi lake, nenda nalo dukani kwa mfamasia, umwonyeshe na umuulize kuhusu balungi kabla hujalimenya.